Njia Isiyo na Malori

Siku ya kwanza niliingia majanini mara saba. Tulikuwa tumetoka mji wa Nevers asubuhi, wanawake wawili juu ya baiskeli mbili, tukifuata njia nyembamba ya lami iliyokwenda sambamba na mfereji, kando ya mto Loire. Kila upepo ulipotikisa miti nyuma yangu, mikono yangu iligeuza usukani bila kuniuliza na kunitoa njiani. Mwenzangu aliyekuwa mbele alisimama, akageuka, akanikuta nimeweka mguu mmoja kwenye nyasi ndefu.

"Kuna nini, madame?"

"Nilifikiri ni lori."

"Hapa hakuna malori," alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Magari hayaruhusiwi. Karibu njia yote, mpaka Orléans."

Nilijua. Alikuwa ameniambia nyumbani, binti yangu naye aliniambia, na tulikuwa tumepita kibao kilichochorwa gari lenye mstari mwekundu. Lakini kujua ni kazi ya kichwa. Mwili wangu ulijifunzia baiskeli Lubumbashi, na Lubumbashi mtu akisikia mngurumo nyuma yake hasubiri kuelezwa.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, mtaa wa Kampemba, Lubumbashi. Nilizaliwa Bel-Air, mtaa wa mji huohuo, mtoto wa tatu wa fundi wa reli aliyetoka Mitwaba kutafuta kazi na asirudi. Baba alikuwa na kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli kwetu, nyeusi na ndefu kuliko mimi. Nilijifunza nikiwa na miaka tisa, mguu mmoja nimeupitisha chini ya chuma cha katikati kwa sababu kiti sikukifikia. Majirani walimwambia Baba kwamba msichana hapandi kinga. Baba aliwajibu kwamba shule iko mbali, akaendelea kunyoa ndevu. Baadaye, kwa zaidi ya miaka thelathini, nilikwenda kufundisha kwa baiskeli, daftari za wanafunzi zikiwa kwenye keria, malori ya madini yakinipita kwa umbali wa kiwiko. Mara mbili nilitupwa mtaroni. Sikuvunjika mfupa hata mmoja. Siyasemi haya kwa majivuno, au labda kwa majivuno kidogo.

Ufaransa nilikwenda kumpokea mjukuu. Binti yangu ameolewa Orléans na Mfaransa, na mtoto wao wa kwanza alipozaliwa nilipata ruhusa ya kukaa miezi mitatu. Mama wa mume wake, mkwe mwenzangu, alikuja kula nasi siku ya Jumapili. Alikuwa mfamasia mstaafu, mjane, mrefu, mkavu, mwenye nywele fupi nyeupe. Kila mwaka mwezi wa Septemba huchukua baiskeli yake na kusafiri juma zima, misituni na mabondeni, akipita njia zisizo na magari. Mwaka huo rafiki yake wa safari alikuwa na goti bovu.

"Binti yako ameniambia unaendesha," alisema, akichagua maneno yake. "Tungepanda treni mpaka Nevers, halafu tukarudi polepole. Siku sita. Nitakutafutia baiskeli ya umeme, haichoshi."

"Nina miguu, madame," nilimjibu. "Nitakuja."

Binti yangu alinifuata jikoni. Alizungumza Kiswahili cha kwetu, kile ambacho "ndiye" ni "njo" na "watu" ni "bantu", ili yule mama asielewe.

"Mama, hauendi. Ule mama anapandaka kinga kila siku. Ni kilomita mia mbili, Mama. Uko na miaka makumi sita na moja."

"Na yeye iko na ngapi?"

"Makumi sita na ine."

"Basi miye njo mutoto."

Alicheka, lakini hakukubali. Nilimwacha na sahani, nikateremka ghalani kwa mume wake, nikachagua baiskeli yake ya zamani iliyokuwa nyuma ya masanduku. Ilikuwa ya chuma, nzito, yenye keria nene. Nikaomba spana na mafuta. Nilizungusha magurudumu, nikakaza spoki mbili zilizolegea, nikafunga breki upya, naye kijana wa watu amesimama na mtoto begani akiniangalia kama anayetazama mpira. Mwishoni nikachukua mpira wa ndani wa gurudumu uliotupwa, nikaukata kwa mkasi kuwa vipande virefu vya kufungia mzigo. Mkwe mwenzangu alipoviona siku ya safari aliviangalia mara mbili. Yeye alikuwa na mifuko mizuri isiyopitisha maji, mmoja kila upande, na baiskeli ya umeme.

Siku tatu za kwanza hakuna lililotupata, na ndiyo maana nazikumbuka vizuri. Njia ilikuwa tambarare, na maji ya mfereji yalikuwa ya kijani, yametulia. Korongo alisimama ukingoni mpaka gurudumu limkaribie, akaruka na kutua mbele, akatusubiri tena. Katika vijiji tulinunua mkate na jibini la mbuzi, tukala tumekaa ukutani tukiangalia mto, ambao ni mpana na una visiwa vya mchanga kama mto Luapula wa kwetu wakati wa kiangazi. Tulipofika Briare tulivuka daraja ambalo juu yake haipiti barabara bali mfereji wenyewe. Mashua inapita hewani, na chini yake mto unakwenda njia yake. Nilirudi nikalivuka mara ya pili, kisha ya tatu, na mkwe mwenzangu akanisubiri akiangalia saa.

Alikuwa mtu wa saa. Kila jioni alitandaza ramani kitandani, akaniambia kesho tutaondoka saa ngapi, tutakula wapi, tutakunywa kahawa wapi. Njiani kila penye mwinuko aligeuka.

"Umechoka, madame?"

"Hapana, madame."

Siku ya pili niligundua kwamba aliuliza hivyo alipochoka yeye. Kuanzia hapo nilimjibu kwamba ningependa kupumzika kidogo, tukapumzika, na sote tuliridhika.

Siku ya tatu sikuingia majanini hata mara moja. Sikugundua mpaka jioni. Nilikuwa nimesikia siku nzima sauti ya mnyororo wangu, ya matairi juu ya majani makavu, na ya pumzi yangu mwenyewe, na saa fulani nilijikuta naimba wimbo wa kwaya ya parokia yetu, kwa sauti, mikono imelegea. Nilikuwa nimepanda baiskeli zaidi ya miaka hamsini bila kutazama pembeni. Macho yangu yalikuwa mbele kwenye mashimo, na masikio nyuma kwenye malori. Kumbe kando ya njia kuna vitu. Nilimwambia mkwe mwenzangu, naye akasema kwamba hakuwahi kuendesha baiskeli mahali ambapo mtu anaweza kumuua.

Siku ya nne tuliacha mto, tukaingia msitu mkubwa wa mialoni. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na asubuhi ilibaki manyunyu. Lami iliisha, ikaanza njia ya udongo mgumu na changarawe. Hatukukutana na mtu. Karibu na saa sita mchana njia iliteremka ghafla kwenye kijito, na juu ya kijito kulikuwa na daraja dogo la mbao. Mkwe mwenzangu alikuwa mbele. Mbao zilikuwa na utelezi wa kijani. Nilimwona akifunga breki juu yake, na nikajua kabla hajaanguka.

Baiskeli yake nzito ilikwenda upande mmoja, yeye mwingine. Nilipomfikia alikuwa amekaa juu ya mbao, uso mweupe kama karatasi, ameshika kifundo cha mguu. Kiatu kilikuwa kimeanza kumbana. Mkono wa kulia nao ulikuwa umevimba penye kiungo. Gurudumu la mbele la baiskeli yake lilikuwa limepinda.

"Si kitu," alisema. Kisha akajaribu kusimama, akapiga kelele.

Nilitoa simu yangu. Hakuna mtandao. Yake pia. Nilipanda nayo mpaka juu ya mteremko, nikaizungusha huku na huku, sikupata kitu. Nikarudi, nikamvalisha koti langu juu ya lake, tukasubiri mtu apite. Tulisubiri zaidi ya nusu saa. Hapo ndipo nilipouelewa upande mwingine wa njia ile tulivu. Kwetu, mtu akianguka barabarani, kabla hajajipangusa vumbi watu kumi wamemzunguka, mmoja amemshika kichwa, mwingine amesimamisha gari, wa tatu anamtukana dereva. Pale kulikuwa na manyunyu na kijito.

"Nenda," mkwe mwenzangu aliniambia. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Chukua baiskeli yako. Kwenye ramani kuna nyumba penye mlango wa mfereji mwingine, wa hapa msituni, kilomita sita. Utaleta msaada. Mimi nitakaa."

Nilifikiri. Kwenda ningetumia nusu saa, pengine zaidi kwa udongo ule. Kumpata mtu, kueleza, kurudi. Yeye amelowa, ana miaka sitini na minne, anatetemeka peke yake msituni.

"Siendi, madame. Tunakwenda wote."

"Siwezi kutembea."

"Hutatembea."

Nilipokuwa msichana, likizo ndefu nilipelekwa kijijini Kasomeno kwa shangazi yangu aliyekuwa anauza unga na samaki. Pale wanapita watu wanaosukuma makaa kwa baiskeli, na samaki wa kutoka Kasenga. Mtu anapakia kwenye baiskeli magunia mazito kuliko yeye, halafu haipandi, anaisukuma. Fimbo moja ndefu hufungwa kwenye usukani ielekee nyuma, nyingine husimamishwa nyuma ya kiti. Mkono mmoja unaelekeza, mwingine unasukuma, na mzigo unapanda milima. Binamu zangu walinifundisha kwa gunia la mihogo, na nilianguka nalo mara nyingi kabla ya kuliweza.

Niliingia chini ya miti nikarudi na matawi mawili yaliyonyooka. Niliyapunguza kwa kisu cha jibini. Nikashusha mizigo yote kwenye baiskeli yangu, nikachukua vipande vya mpira, nikafunga fimbo ya kwanza, kaza, zungusha, kaza, kisha ya pili. Mkwe mwenzangu alinitazama. Nilifunga baiskeli yake kwenye mti kwa kufuli, na mifuko yake mizuri nikaificha nyuma ya kichaka pamoja na mzigo wangu. Kisha nikamwinua kwa kumshika makwapa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

"Kaa kwenye kiti. Acha miguu ining'inie. Mkono mzima ushike hapa, katikati ya usukani, lakini usigeuze. Mimi ndiye ninayegeuza. Ukihisi tunaanguka, usifanye kitu chochote."

"Usifanye kitu chochote," alirudia. "Sijawahi kufanya hivyo maishani."

Mwanzo mgumu ulikuwa kupanda kutoka kijitoni. Nilisukuma kwa bega na kwa fimbo, viatu vyangu vikiteleza, naye aliinama mbele na kufumba macho. Tulipofika juu nilisimama nikapumua. Baada ya hapo njia ilikuwa tambarare, na mikono yangu ikakumbuka. Mzigo ukishapata mwendo unajibeba nusu. Kazi ni kuuweka wima.

Tulikwenda hivyo kwa muda wa karibu saa mbili. Mwanzoni alishikilia usukani kwa nguvu. Kisha akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, nikasimama. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kisha kweli akalia kidogo, akajipangusa kwa mkono mzima.

"Nilimuuliza binti yako kama kweli unajua kuendesha," alisema. "Mara mbili nilimuuliza. Niliandika stesheni zote za treni zilizo njiani, ili ukishindwa nikurudishe nyumbani."

"Zipo karibu?" nilimuuliza.

"Hapana. Hapa msituni hakuna hata moja."

Tukacheka pamoja. Akaniuliza nilijifunza wapi jambo hili, nikamweleza Kasomeno, shangazi, gunia la mihogo. Aliuliza maswali mengi, uzito wa gunia, urefu wa milima, wanawake nao husukuma au la. Nilimjibu yote. Kuongea kulimzuia kusinzia, na kulinisaidia kuhesabu pumzi.

Kifaransa kina "wewe" mbili, ya heshima na ya watu wa karibu. Siku nne tulikuwa tumeitana madame na kutumia ile ya heshima, kama inavyowapasa wakwe. Penye kona moja fimbo ya nyuma ililegea, nikamwambia ashike vizuri nifunge upya, naye akaniambia, "Chukua muda wako, mimi nakushika bega," kwa ile "wewe" ya pili. Nadhani mwenyewe hakusikia alichosema. Mimi nilisikia, nikamjibu vilevile.

Nyumba ilikuwa pale ramani iliposema, penye mlango wa mfereji, ule wanaoufunga na kuufungua ili maji yapandishe mashua. Mzee mmoja alikuwa bustanini, anang'oa vitunguu. Alituangalia tulivyokuja, mwanamke mweupe juu ya kiti miguu inaning'inia, mwanamke mweusi nyuma na fimbo mbili, akasubiri mpaka tulipofika langoni.

"Ameumia?" aliuliza.

"Mguu na mkono," nilimjibu. "Tunahitaji simu na kitu cha moto."

Alikuwa na vyote viwili. Gari la wagonjwa lilifika tukiwa tunakunywa supu. Mguu ulikuwa umevunjika mfupa mdogo, mkono ulikuwa umeteguka tu. Walimfunga plasta siku hiyo hiyo. Jioni mume wa binti yangu alikuja na gari, akachukua baiskeli iliyopinda na mizigo yetu msituni, mzee wa bustani akimwonyesha njia, akamchukua mama yake hospitalini, akamfikisha kwao Orléans, kisha akarudi kunichukua mimi.

Nikamwambia sirudi naye.

Zilibaki siku mbili mpaka Orléans. Mzee alikuwa na chumba cha kulala wageni. Baiskeli yangu ilikuwa nzima. Binti yangu alinipigia kwenye simu ya mumewe, sauti juu.

"Mama, juu ya nini? Peke yako? Kule hakuna bantu."

"Njo bile," nilimjibu, yaani ndivyo hasa, "hakuna bantu. Nani atanigonga?"

"Na kama unaanguka sawa ule?"

Nilisikia sauti nyingine nyuma yake. Mkwe mwenzangu alikuwa amekwisha kufikishwa kwao, amelazwa kwenye kiti cha sebuleni. "Mwache aende," alisema kwa Kifaransa. "Na mwambie kwenye daraja la mbao ashuke."

Niliendesha siku mbili hizo peke yangu. Ya kwanza ilikuwa msituni bado, nikawaona wanaotafuta uyoga wameinama na vikapu vyao, nikawasalimu, wakanisalimu. Ya pili ilinirudisha mtoni. Sikufuata saa. Niliposikia njaa nilikula, na mchana mmoja nililala nusu saa juu ya benchi, kofia usoni, jambo ambalo mwalimu mkuu wa zamani wa Kampemba hapaswi kulifanya hadharani. Nilivuka kila daraja la mbao kwa miguu. Niliingia Orléans saa kumi alasiri, ngozi imeungua puani, nikapiga kengele mlangoni kama postamani.

Nilibaki na wiki tano za kukaa. Kila siku baada ya chakula nilikwenda kumtembelea mkwe mwenzangu nyumbani kwake na mguu wake wa plasta, tukacheza karata, akanifundisha kutengeneza jamu ya maboga ya bustani ya mzee, ambaye sasa alikuwa akimletea mboga kila Jumamosi. Sikuuliza juu ya hilo.

Siku moja, tukiwa tumekaa hivyo, binti yangu alikuja kunichukua na mtoto mgongoni. Mkwe mwenzangu akamwambia kwamba plasta ikitoka, mwaka unaokuja, wangekwenda wote watatu, yeye, mwanawe na binti yangu, na mimi kama nitakuja. Binti yangu aliangalia sakafu.

"Sijui kuendesha," alisema.

Yule mama alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nilikuwa nimewafundisha kusoma watoto wa watu wengine miaka thelathini, na binti yangu mwenyewe nilimkataza baiskeli. Alipofika umri wa kujifunza, malori yalikuwa yameongezeka, na nilimwona mwanafunzi wangu aliyegongwa na lori akiletwa nyumbani ndani ya blanketi. Nilimwambia binti yangu atakwenda shule kwa miguu, na mambo yakaishia hapo. Hakuniomba tena, na mimi sikuongea tena.

Jumamosi hiyo tulikwenda kando ya Loire, mahali njia ni pana na nyasi ni laini. Mume wake alibaki kwenye benchi na mtoto. Nilishusha kiti cha baiskeli mpaka miguu ya binti yangu iguse chini, nikasimama nyuma nikashika keria.

"Mama, miye niko na miaka makumi tatu na mbili. Bantu banaangalia."

"Baache baangalie. Tazama mbali, hapana tazama gurudumu."

"Utanishika?"

"Ninakushika."

Asubuhi nzima nilikimbia nyuma yake nimeinama, na jioni mgongo ulinidai. Alianguka mara mbili majanini, mara ya pili akakaa chini akaniangalia kwa hasira niliyoijua tangu alipokuwa na miaka minne. Nilimnyooshea mkono. Jumapili tulirudi. Karibu na saa tano nilihisi baiskeli imekuwa nyepesi mkononi, imesimama yenyewe, nikafungua vidole.

Alikwenda. Usukani uliyumba, ukanyooka. Alipita benchi ya mumewe bila kugeuka, akapita wazee wawili na mbwa wao, wakampisha. Sikumwita. Nilisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, natweta, nikamwangalia mpaka akafika penye miti, akajaribu kugeuza, akashindwa, akashuka, akaigeuza kwa mikono, akapanda tena mwenyewe na kuja upande wangu.